Neno Nililomwandikia Karisa

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia makaoni na viatu vipya vinavyonibana na moyo uliojaa huruma, nikidhani huruma ndiyo iliyoniajiri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa hapa Malindi, katika nyumba kuukuu ya ghorofa moja nyuma ya soko. Watu wa kamati ya makao walikuwa wameikodi wawahifadhi vijana waliokimbia kwao au waliofukuzwa. Msimamizi wetu, mwanamke mnene wa Mambrui asiyecheka ovyo, hata chai hakunipa. Alinitazama tangu kichwani hadi vidoleni, akaniambia nivivue viatu kama vinaniuma, kisha akanitilia daftari mkononi.

"Salama," akasema, "kuwaonea huruma hawa, kila mtu mjini anaweza. Wewe kazi yako ni kusema walichokisema wao, kama walivyokisema. Usiongeze, usipunguze."

Nikaitikia naam, Bi Mkubwa. Kuitikia ni rahisi.

Cheo chetu kilikuwa mtetezi wa vijana, na watu wakadhani ni wakili. Jamani, mara ngapi nimesimamishwa njiani na mtu mwenye kesi ya shamba! Mtetezi hakuwa wakili. Kijana akiletwa na askari au mzee wa mtaa, au akija kwa miguu yake mwenyewe, jina lake liliandikwa katika daftari la mapokezi, akapewa mkeka, shuka na sahani. Tangu hapo alikuwa wangu. Nilikwenda kwao nikaandika ripoti ya nyumbani, yaani maelezo ya nani anaishi pale, kijana analala wapi, na kwa nini alitoka. Baadaye jamaa zake waliitwa makaoni tukae nao chini tuzungumze, na hicho tulikiita kikao cha usuluhishi. Mwisho ripoti ilipigwa taipu kwa kaboni, nakala tatu: ya hakimu, ya afisa wa watoto na ya faili letu. Hakimu hakuwa na nafasi ya kumjua kila mtoto. Alishuka moja kwa moja hadi mstari wa chini kabisa, ulioandikwa "Matakwa ya kijana", na yaliyokuwa pale ndiyo yaliyoamua mtoto akalale wapi.

Mwaka wa pili nilipelekwa Kilifi, kwenye tawi letu dogo upande wa Mnarani, ambako kila nilipotaka kitu cha mjini sharti nivuke feri. Msimamizi wa tawi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kalamu ya wino mwekundu. Kila nilipoandika "nadhani" aliikata kwa mstari, akaniuliza kwa upole unaoudhi, "Bibi, nani kakuuliza unadhani nini?" Nilimchukia miezi sita. Mwezi wa saba nikaanza kuandika vizuri, na nikajiona nimekwisha kuwa fundi.

Niliporudi Malindi nilikuwa na maneno yangu niliyompa kila kijana mgeni. Nilimketisha jikoni karibu na mpishi, nikamwambia, "Usiogope wazee wala askari. Hapa mimi ndiye mdomo wako. Mbele yao wewe nyamaza, mimi nitasema." Wengi walishusha pumzi waliposikia hivyo, na mimi, Mungu anisamehe, nilijipenda sana kwa maneno hayo.

Karisa nilimwambia vile vile.

Alikuja Jumatatu asubuhi, peke yake, kwa miguu kutoka Ganda. Alikuwa na miaka kumi na mitano na sauti ndogo. Alipovua nguo akaoge, mpishi aliniita nikaone. Kifua kilikuwa kimechubuka, na mapajani ngozi imekuwa ngumu kwa kukumbatia minazi. Baba yake alikuwa mgema, mtu anayepanda minazi asubuhi na jioni kuteremsha tembo, ile pombe ya mnazi. Siku moja aliteleza akaanguka, akafa, na Karisa alikuwa amesimama chini na kibuyu mkononi. Matanga yalipoisha, baba yake mdogo alimpa kotama ya marehemu, kile kisu cha kugemea, akamwambia minazi inamngoja.

Nilikwenda Ganda nikaiona nyumba. Yule baba mdogo goti lake lilikuwa limevimba, hawezi kupanda hata kichuguu, na pale uani palikuwa na watoto sita wadogo waliokula kwa minazi ile. Sikumwona mtu mbaya, na mpaka leo simwiti mbaya. Niliporudi nilimuuliza Karisa anataka nini, naye akanijibu huku akitazama mlango.

"Bi Salama, nitafagia, nitachunga mbuzi, nitachota maji. Kupanda siwezi. Nikifika juu namwona baba."

Wallahi niliyaandika. Niliyaandika kwa penseli katika daftari langu, neno kwa neno, kama nilivyofunzwa. Alikaa nasi wiki tano. Mpishi alimfunza kutumia pasi ya makaa, akawa anatunyooshea nguo sote, na kola zake zilisimama kuliko za dobi. Wiki ya tatu alianza kucheka. Alikuwa na mwanya, na alipocheka aliuziba kwa kidole kama msichana, nasi tukamtania kwa hilo.

Siku ya kikao Msimamizi hakuwapo. Dada yake alilazwa Mombasa, akaenda kumuuguza, akaniachia mimi kila kitu. Walikuja watu wanne: baba mdogo, mama yake Karisa, na wazee wawili wa ukoo waliotembea tangu alfajiri. Niliwatandikia jamvi, nikawapa maji na kahawa, nikawaamkia wazee shikamoo. Baba mdogo alizungumza kwa adabu sana. Alisema nyumba imepwaya, mtoto ni wao, na hakuna aliyemkosea kwa kusudi. Mama alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya leso. Minazi haikutajwa na mtu yeyote. Kisha mzee mmoja akamgeukia Karisa.

"Mwanangu, utarudi kwenu?"

Karisa aliinamisha kichwa. Akainua macho akanitazama mimi. Akainama tena.

Sasa nyinyi vijana wa leo nisikilizeni hapa, maana kosa langu liko hapa na si pengine. Sisi tuliozaliwa miji hii ya pwani tumelelewa kwamba mtoto hajibishani na wakubwa, na kimya chake ni jibu tosha. Mimi mwenyewe nilipoposwa, shangazi yangu aliingia chumbani akaniuliza kama nimekubali. Nilitazama mkeka tu. Akatoka nje na vigelegele vikapigwa. Hakuna aliyeningojea niseme. Basi nilipomwona Karisa ameinama, nikaona kijana mwenye adabu aliyelainika kwa machozi ya mamake. Yale macho aliyonitupia niliyaona, lakini nikayafasiri ninavyojua mimi, kwamba anaomba ruhusa ya kuondoka.

Na daftari lilikuwa mapajani pangu. Nilijua kilichomo. Ila kulifungua ni kumwambia mjane mbele ya wakweze kwamba mwanawe hamtaki, na kuwakata kauli wazee niliotoka kuwaamkia sasa hivi. Haya ikanishika, haya yetu hii tunayojisifia. Nikajiambia jambo la minazi nitalizungumza na baba mdogo kwa faragha siku nyingine, kiungwana. Nikachukua kalamu, na kwenye mstari wa chini nikaandika: "Kijana ameulizwa mbele ya jamaa zake, naye ameridhia."

Hakimu akausoma mstari huo, na wiki ile ile akatoa amri arejeshwe. Karisa aliikunja shuka yake vizuri kwa mikunjo ya pasi, akanipa mkononi. Akasema, "Ahsante, Bi." Hakunitazama.

Msimamizi aliporudi kutoka Mombasa aliliomba faili. Alisoma amesimama, akaliweka mezani.

"Alisema nini?"

"Hakukataa, Bi Mkubwa."

"Sikukuuliza hakufanya nini. Alisema nini?"

Aliniambia niende Ganda upesi. Ziara ya kufuatilia, ile safari ya kwenda kumtazama kijana aliyerudi kwao, ilipaswa kufanywa ndani ya mwezi, nami nikasema nitakwenda Jumatatu ijayo, maana kulikuwa na wasichana wawili wapya kutoka Magarini na ripoti zao hazijaanzwa. Jumamosi mvua ikanyesha. Mti ukilowa hata mgema mzee huungoja ukauke, lakini mtoto aliyepewa kazi hajui kungoja. Jumapili mzee wa mtaa akaja kutuambia Karisa ameanguka.

Nilimkuta hospitali, amelazwa chali, mgongo umevunjika. Mama yake alinipisha nikae kwenye kibao chake. Huyo ndiye mama niliyemwonea haya nisimuumize. Aliniuliza, si kwa ugomvi, kama mtoto aliwahi kuniambia kwamba anaogopa kupanda. Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumpepea mwanawe. Nililia njia nzima nikirudi, na watu wakinisalimu sikuitika.

Nilidhani Msimamizi atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Alinirudishia daftari langu la penseli, limefunguliwa kwenye ukurasa wa Karisa. "Kesho una kijana mwingine," akasema. "Muulize, kisha uyasome aliyokujibu mbele ya watu wote." Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipostaafu.

Tangu siku hiyo sikufanya kikao kwa njia ya zamani. Kijana nilimuuliza peke yake, nimekaa ubavuni mwake, tukitazama upande mmoja ili asione uso wangu. Niliandika kwa lugha aliyosemea, kama ni Kigiriama basi Kigiriama, nikamsomea, akanirekebisha. Na kikaoni, kabla mzee yeyote hajafungua kinywa, nilisimama nikayasoma. Wazee walinuna. Wengine waliondoka na kahawa haijanywewa. Mjini nikaitwa mwanamke asiye na haya, na mume wangu akaulizwa msikitini kama ameshindwa kunifunza. Waache waseme. Vijana wengi walilala mahali walipotaka kulala kwa sababu ya ukosefu wangu wa haya, na hilo nalishukuru.

Karisa hakufa. Miguu haikurudi. Amekuwa mtu mzima pale pale Ganda, anakaa kwenye jamvi anashona makuti ya kuezekea, na mafundi wa hoteli za Watamu huyafuata mpaka kwake kwa kuwa mshono wake umenyooka. Kila Idi nilimpelekea biriani na nguo. Tulizungumza juu ya mvua, bei ya unga, watoto wa nduguze. Miaka yote hiyo sikumuuliza. Mtetezi mzima, kazi yake kuuliza, na mtu mmoja huyo nilimwogopa.

Siku niliyostaafu waliniandalia chai na hotuba, wakanipa saa ya ukutani. Niliiacha mezani, nikapanda baiskeli ya abiria mpaka Ganda. Nilimkuta Karisa anashona. Nikakaa ubavuni mwake, tukitazama upande mmoja.

"Karisa, siku ile wazee walipokuuliza," nikasema, "mbona hukusema neno?"

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. Alinishangaa kidogo, hivi unavyomshangaa mtu anayekuuliza jambo analolijua.

"Si uliniambia ninyamaze, Bi? Ulisema wewe ndiye utakayesema. Nilikuwa nakungoja."

Hakusema kwa hasira. Aliniomba nimsogezee fungu la makuti lililokuwa mbali na mkono wake, nami nikamsogezea.