Viroboto wa Kitanda cha Baba

Paka wetu hajakanyaga mchanga wa nje tangu tulipofika Palma. Baba ndiye aliyembeba kutoka Mocímboa da Praia, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa, siku tulipokimbia vita na kila mtu akachukua kile alichoona hawezi kukiacha. Mama alichukua Msahafu na sufuria kubwa. Mimi nilichukua vyeti vyangu vya shule, ambavyo mpaka leo hakuna aliyeniomba nimwonyeshe. Baba akachukua paka, nasi tukamcheka, hata katika hali ile.

Tulipopata nyumba ya kupanga, baba alitoa amri kwamba paka hatoki. Mtaa ule una mbwa wengi, na paka mwenyewe mgeni. Baadaye baba alikwenda Mocímboa kutazama kama nyumba yetu bado ina paa, akasema atarudi baada ya siku chache. Hakurudi. Tuliuliza kwa madereva, kwa wenye mashua, kwa askari. Hakuna aliyemwona akifika wala akiondoka. Tangu hapo mama aliishika ile amri kuliko baba mwenyewe. Kila jioni aliufunga mlango kwa mkono wake, akainama kuchungulia kama paka yumo, ndipo roho yake ikatulia.

Baba aliondoka alfajiri, akaacha kitanda chake cha kamba kama alivyoamka. Shuka limesukumwa upande wa ukutani, shati lake la kulalia liko juu ya mto. Mama hakugusa kitu. Kwetu mtu akifa, nguo zake hufuliwa, zikakunjwa, zikagawiwa ndugu na majirani. Kwa hiyo kufua nguo za baba kulikuwa ni kumtangaza kuwa maiti, na mama hakuwa tayari. Majirani walipokuja mara ya kwanza kumpa pole, aliwauliza, "Pole ya nini?" Pole hujibiwa "nishapoa", hata na mtu aliyejikwaa kidole tu. Mama aliwaacha wamekaa na pole yao mikononi mpaka wakaaga. Shehe wa mtaa alimweleza kwamba mke wa aliyepotea ana muda wake wa kungoja, na ukitimia atakaa eda kama mjane yeyote. Muda ukatimia. Shehe akaja, akanywa chai, akaondoka bila jibu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi viroboto walipotuingilia.

Watu husema paka wa ndani hapati viroboto. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Lakini mbuzi wa bibi jirani hulala barazani kwetu, sisi tunapita hapo na nguo zinazoburuzika chini, na kiroboto hahitaji usafiri mwingine. Kwanza niliona paka anajikuna shingo mpaka manyoya yanatoka. Kisha nikaona miguu ya binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, imejaa vipele vyekundu kuanzia kwenye vifundo. Usiku analia, mchana anajikuna, vipele vikageuka vidonda. Hapo nilikasirika, na mimi nikikasirika nafanya kazi.

Kazi ya kusafisha naijua. Nimeajiriwa Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi, kwenye lavandaria ya kambi. Kutwa nafua na kupiga pasi mashuka ya watu ambao siwajui sura. Nikirudi nyumbani mikono inanuka sabuni, na chumba cha mbele kuna shuka moja ambalo siruhusiwi kulitia majini.

Bibi jirani alinishauri nimpake paka mafuta ya taa. Nikamwambia kama anataka tumchome aseme tu. Sokoni muuza dawa alinipa chupa ya kuogeshea mbuzi, akaapa kwamba mnyama ni mnyama. Niligeuza chupa nikasoma maandishi madogo ya Kireno: isitumiwe kwa paka. Nikamrudishia. Paka hujilamba mwili mzima, chochote unachompaka ndicho chakula chake cha jioni.

Basi tukamwogesha kwa sabuni ya kawaida, mimi na mama. Mama alimshika mabega, nami nikaanza na povu zito shingoni, maana ukianza mgongoni viroboto hukimbilia masikioni na machoni. Paka alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Alitupa makucha, akamkwaruza mama kifuani, na mama hakumwachia. "Vumilia, baba," alimwambia, kwa sauti ile ya kumbembelezea mtoto. Tulipomkausha nilimpitisha chanuo la chawa, na kila kiroboto aliyenaswa nikamzamisha kwenye bakuli la maji ya sabuni. Walikuwa wengi kiasi cha kutia kinyaa. Nilifagia nyumba nzima, nikachoma taka, nikaanika mikeka yetu juani, nikachemsha nguo za mtoto. Tukalala usingizi wa watu walioshinda.

Haikupita wiki wakarudi.

Nilitafuta kwenye simu, nikaona nilikokosea. Viroboto tunaowaona juu ya paka ni wachache. Mayai hudondoka pale anapolala, yakaanguliwa, na wachanga wakakua gizani ndani ya nguo na nyufa. Unaweza kumwogesha paka mpaka achubuke. Kama hujagusa malazi yake umefanya kazi bure. Na malazi ya paka yalijulikana na kila mtu humo ndani. Tangu baba aondoke, alilala juu ya shuka lile, kwenye shimo ambalo mwili wa baba ulikuwa umelichimba katika kamba.

Sikutaka kubishana kwa maneno. Nilichukua foronya nyeupe kuukuu, nikailowesha, nikapangusa sakafu ya chumba cha mama. Ikatoka na vumbi la kawaida. Nikapangusa chini ya kitanda cha baba. Ikatoka na chembe nyeusi nyingi, na chembe zile, zilipopata maji, zikaanza kueneza rangi nyekundu. Nikamwonyesha mama.

"Nini hiki?"

"Kinyesi chao, mama. Damu wanayokunywa."

"Damu ya nani?"

"Ya paka. Na ya mjukuu wako."

Mama alinirudishia foronya ile. Kisha akasema baba akirudi atakuta kitanda chake kama alivyokiacha, na kwamba hayo tulikwisha kuyazungumza. Nikamjibu kwamba baba akirudi atakuta mjukuu ambaye hajawahi kumwona, mwenye miguu kama ya mkoma. Mama akaenda kumchukua mtoto, akamweka mapajani, akawa anampaka mafuta ya nazi kwenye vidonda, kimoja kimoja, bila kuniangalia.

Jumamosi yangu ya mapumziko niliamka nikamkuta uani. Sufuria kubwa, ile aliyokimbia nayo, ilikuwa motoni inachemka. Shuka la baba na shati vilikuwa begani mwake.

"Nafua kwa sababu ya viroboto," akasema. "Usiniongezee jingine."

"Siongezi kitu, mama."

Kabla ya kulitia shuka majini alilisogeza usoni. Nilitazama pembeni, kwa heshima, maana nilijua anatafuta nini. Alivuta pumzi, akaligeuza upande wa pili, akavuta tena. Akachukua shati, akafanya hivyo hivyo kwenye kola na kwapani. Halafu akanitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Linanuka paka," akasema.

Nilimhurumia mama yangu pale kuliko siku yoyote ya vita. Muda wote ule alikuwa akiilinda harufu ya baba, nayo ilikwisha kuondoka bila kumuaga, sijui mwezi gani. Akatumbukiza shuka kwenye maji ya moto mwenyewe, akalisukuma kwa mwiko mpaka likazama. Maji yakageuka rangi ya chai. Nilitaka kumsaidia kukamua, akanisogeza kwa kiwiko.

Mimi nikashughulika na kitanda. Nilikitoa uani, nikamwagia kamba maji yanayochemka, nikasugua maungio kwa brashi, nikakiacha juani. Nilifagia chumba mpaka kwenye nyufa. Paka tulimfungia jikoni, akalalamika nyuma ya mlango asubuhi nzima. Mama akaanika shuka na shati kwenye kamba, upande wa njia, kwa kuwa ndiko jua linakopiga vizuri. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Kabla ya adhuhuri alikuja bibi jirani. Hakupiga hodi kwa kelele kama kawaida yake. Alikuwa amejifunika kitambaa cha kapulana kichwani, na nyuma yake wanawake wengine wa mtaa, wamejifunika vile vile, mmoja amebeba unga, mwingine kuni. Walivua viatu mlangoni, wakaingia, wakakaa chini mkekani bila kuombwa, nasi tukakaa nao. Nilishangaa, kisha nikafuata macho yao hadi uani. Shati la kiume lilikuwa linapepea kwenye kamba, katika nyumba isiyo na mwanamume, nyumba ambayo kila mtu alijua nini hakifuliwi. Walikuwa wamesoma kamba yetu ya nguo tangu asubuhi, wakaambizana, wakajiandaa.

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo niwaambie kwamba ni viroboto, kwamba wanyanyuke, kwamba mbuzi wao ndio waliotuletea balaa hili. Mama akaniwekea mkono gotini. Ulikuwa bado umevimba na umejikunja kwa maji ya moto.

Bibi jirani akasogea, akaushika mkono mwingine wa mama kwa mikono yake miwili. Hakulia. Alisema tu, taratibu, "Pole, dada."

Mama alitazama nje. Shuka lilikuwa linakauka, jeupe kuliko nilivyokumbuka, na katikati pale alipokuwa akilala baba kitambaa kilikuwa chembamba hata jua likapenya. Jikoni paka akalia tena, na hakuna aliyegeuka.

"Nishapoa," akasema mama.

Wanawake wakainamisha vichwa. Aliyeleta kuni akaondoka kimya kwenda kuwasha moto. Mama akanipapasa goti mara moja, kama kunituma, akasema nikaanue zile nguo zikikauka, nizikunje vizuri, ila nisizirudishe kitandani.