Vifaranga wa Zambarau

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipopita kijijini kwetu Mtawanya, kilinisafishia uwanja. Asubuhi naokota jogoo, mchana naokota mitetea, na majirani nao hivyo hivyo. Akabaki kuku mmoja tu, kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya. Mama mkwe, ninayekaa naye, alisema ugonjwa umemwona sura ukakimbia.

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu. Kishingo yule alikuwa uzao wa kuku wa mama yangu mzazi. Mama alipofariki, nguo zake zilitolewa sadaka, na kuku wake tukagawana mimi na dada yangu anayekaa Dimani. Wa dada walikufa wote kwa kideri hicho hicho. Huyu naye akienda, basi tena.

Nikaazima jogoo kwa shemeji yangu wa Mtunda. Kishingo akataga, akaatamia jikoni nyuma ya mafiga, akatotoa vizuri. Siku nilipowatoa uani, mwewe alishuka mbele ya macho yangu akaondoka na kifaranga mmoja, nami nimeshika mwiko. Nilimporomoshea mwewe yule matusi yasiyomfaa mwanamke wa heshima. Kesho yake akarudi kuchukua mwingine.

"Tuwapake rangi," mama mkwe akasema. "Mwewe akiona kitu cha rangi, hakigusi. Anakiogopa."

Rangi ilikuwepo. Sisi hushona mikeka, na asubuhi ile tulikuwa tumechemsha miyaa ya kusukia, sufuria la zambarau limepoa pembeni. Kishingo alikuwa nyuma ya nyumba akila pumba. Tukawachovya wanawe mmoja mmoja, tukawakausha juani juu ya gunia, tunajisifu na vidole vyetu vya zambarau.

Kishingo aliporudi, aliwatazama, kisha akaanza kuwadonoa. Wa kwanza alimtoa damu kichwani. Akawafukuza wengine, huku anazunguka uani akiwaita wanawe, na wanawe ndio hao wanamkimbilia miguuni. Niliumia sana. Mwewe angeniachia japo wawili watatu. Sisi tulikuwa tumewamaliza wote kwa mikono yetu.

"Mama, umeniponza," nikamwambia. Si maneno ya kumwambia mama mkwe, lakini yalishatoka.

Akainuka. Alichukua tenga kubwa, akamfunika kishingo, akatandika kanga mbili juu yake mpaka mle ndani pakawa giza. Halafu akawapenyeza vifaranga kwa chini, taratibu.

"Macho ndiyo yanomdanganya," akasema. "Sauti anazijua. Weye mwache awasikie."

Tukakaa kando ya tenga tunasuka ukili wa mikeka, kila mtu na lake moyoni. Ndani kulikuwa na vurugu, kisha vurugu ikapungua, kisha nikausikia ule mlio wa chini chini wa kuku aliyekunjua mbawa. Mama mkwe akainua pembe ya kanga. Vichwa vya zambarau vilikuwa vinachungulia kwenye manyoya ya mama yao. Nikamwomba radhi palepale, naye akaniambia niache maneno nikapike, ana njaa.

Rangi ilisaidia kwa muda. Ilipofifia, tukatandaza juu ya uwanja nyavu chakavu tulizopewa na wavuvi wa Delta, na banda tukaliinua juu ya nguzo nguchiro wasiwafikie. Mwewe bado hupita, huzunguka huko juu akaenda zake. Dawa ya chanjo siku hizi nawadondoshea jichoni mwenyewe, wala singoji kukumbushwa na mtu.

Vifaranga wakakua, na wengi wao wakatoka na shingo tupu vilevile. Dada akaja kutoka Dimani kuchukua mbegu ya kuku wa mama yetu. Nikamchagulia tembe aliyekaribia kutaga na jogoo mmoja, nikawatia kwenye tenga, na kijana wa bodaboda akaanza kulifunga nyuma ya pikipiki. Tembe akapenyeza shingo yake kwenye tundu, akatukazia jicho moja. Dada akainama mbele yake, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, mama."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na katikati ya kicheko dada akaanza kulia, nami nikamfuata. Kijana wa bodaboda alitutazama, akazima pikipiki, akatungoja.