Beki wa Uwanja wa Mteremko

Saa kumi na mbili asubuhi, ghala linalojengwa bado halina milango. Kwenye sakafu ya saruji iliyokauka wiki kadhaa zilizopita, msichana anapiga mpira kwa mguu wa kushoto. Unagonga tofali lililoegemezwa ukutani, unarudi, anaupiga tena. Mwenye ghala hajui kwamba mali yake imekuwa kiwanja cha mazoezi cha beki wa timu ya taifa.

Wenzake wanamwita Shoto. Ana miaka ishirini na miwili. Mafundi wengine wakifika atavaa mabuti na kumkorogea saruji baba yake, ambaye ni fundi mwashi. Mkononi amefunga simu kwa kitambaa isilowe. Leo kocha wa taifa anawapigia wachezaji aliowachagua kwa mechi ya marudiano, na Shoto hana hakika kama yumo.

Ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Alianza mpira akiwa na miaka kumi, katika klabu ya watoto ya mtaani. Kocha wao, fundi viatu mwenye maneno mengi, alimpanga beki wa kushoto kwa kuwa timu nzima haikuwa na mguu mwingine wa kushoto.

Uwanja wao ulikuwa na mteremko. Watoto hawakusema kipindi cha kwanza na cha pili. Walisema cha kupanda na cha kushuka. Nahodha mwenye akili alichagua kupanda kwanza, miguu ikiwa mipya. Baadaye, goli lako likiwa juu, mpira wa kumrudishia kipa ulipigwa kwa nguvu zote. Likiwa chini, uliugusa tu, ukateremka wenyewe.

Kutoka hapo Shoto alipanda: timu ya vijana ya mji, klabu ya wanawake ya daraja la kwanza, kisha jezi ya taifa. Viwanja tambarare alivizoea. Au ndivyo alivyodhani.

Mwezi uliopita, ugenini, dakika za mwisho, washambuliaji wawili walimbana. Akamrudishia kipa. Aliugusa tu.

"Niliogopa, na mguu ukakumbuka kwetu," anasema. "Niliungoja uteremke. Ukasimama."

Mshambuliaji aliuokota akafunga. Moja bila. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hii ilionekana na watu wengi mno.

Baba yake hakumkemea. Alichukua pima maji yake, kile kifaa cha fundi chenye povu la hewa, akaenda nacho kwenye uwanja ule wa zamani.

"Nilikilaza chini, povu likakimbilia upande mmoja," anasema akicheka. "Nikamwambia, mama, ulikojifunzia kumepinda. Ila kunyoosha ni kazi yako."

Sakafu ya ghala baba ameisawazisha yeye mwenyewe. Tangu hapo binti anapiga mpira huo mmoja tu, wa kurudisha nyuma, kila asubuhi, mpaka tofali limemeguka pembe.

Saa nne kasoro, koleo likiwa mkononi, simu inaita. Shoto anaweka sauti kubwa kwa sababu vidole vimejaa saruji. Kocha anamuuliza swali moja: akibanwa tena, atafanya nini?

"Nitamrudishia kipa," anajibu. "Ila safari hii utafika."

Kisha kocha anamwambia afike kambini kesho. Upande wa kushoto ni wake.

Mafundi wanapiga koleo kwenye ndoo. Shoto analia, hajifichi, halafu anarudi kukoroga kwa sababu saruji haingoji mtu. Anasema hesabu yake ni kushinda mechi ya nyumbani Jumamosi, na mcheza kwao hutuzwa.

Baba yake hajawahi kuingia uwanja mkubwa. Anauliza kama walinzi watamruhusu kupita na pima maji.

"Kiache nyumbani, baba," binti anamjibu. "Njoo unitazame mimi."