Digrii Kumi za Barazani

Nikiri tu: niliwahi kumponza mtoto wa watu kwa kujifanya mwalimu. Juzi nimeona polinomia kwenye daftari la binti yangu, moyo ukanipasuka upya.

Mchana mmoja wa miaka hiyo, mtaani kwetu Ruhuwiko, harufu ya pumba ilitufuata hadi barazani, na mashine ya kusaga ilinguruma mpaka nikawa namfundisha Zuhura, mtoto wa jirani, kwa kupayuka. Kesho yake alikuwa na mtihani wa hesabu. Akifeli, anarudia kidato. Nikamwandikia x⁵ + x³ + x².

“Digrii yake kumi,” nikatamka.

“Una uhakika, dada?”

“Mahindi yenu si mnahesabu debe zote? Basi jumlisha vipeo vyote!”

Sikujua kwamba huangaliwa kipeo kikubwa peke yake. Digrii ilikuwa tano tu.

Majibu yalipotoka, Zuhura alikuja na mama yake, macho mekundu. Alikosa maswali yote ya digrii, akapungukiwa alama mbili, akarudishwa kidato.

Mama Zuhura akanitazama, akasema, “Mwanangu si mjinga. Kosa lake ni kukusikiliza wewe.”