Mpiga Pasi na Sare Iliyombana

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, mama mmoja wa makamo anainamia karai la shuka za hospitali. Zina damu, zina matapishi. Anazifikicha kwa mikono iliyochubuliwa na dawa, kisha anazipeleka kwenye mashine. Wenzake katika kiwanda hiki cha dobi wanamwita Mama Pasi mpaka leo, ingawa pasi kanyang'anywa.

Chanzo ni sare. Zilipogawiwa mpya, yake ilimbana kifuani na nyongani. Akaomba kubwa zaidi. Msimamizi alimtazama juu hadi chini, akasema hiyo hiyo ndiyo inayomfaa, wanaume wa pale nao wapate cha kuangalia. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kicheko cha kufunika aibu.

Tangu hapo haikupita siku bila neno la msimamizi. Leo imekukaa. Hebu geuka. Akajifunga kanga kiunoni, akaamriwa aivue. Mwishowe akaipeleka sare kwa fundi cherehani, akaongezewa kitambaa ubavuni.

"Aliponiona akasema mbele ya wote kwamba nimeficha bidhaa," anasimulia, macho yakiwa kwenye maji. "Nikaweka pasi chini. Nikamwambia, kama shuka sijainyoosha vizuri, nisahihishe. Mwili wangu haumo katika kazi yako. Maneno hayo usiniambie tena."

Hakupaza sauti. Msimamizi alitabasamu, akatoka. Kesho yake mama akaambiwa ameharibu mali ya kampuni kwa kuipanua sare, ahamie kwenye karai.

Nyumbani alitarajia bega la kuegemea. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza mbona alikuwa akimchekea mtu huyo.

"Hilo liliniuma kuliko dawa hii," anasema.

Hawajalizungumza tena. Wanakula, wanalala, kila mtu kaelekea ukuta wake.

Wifi yake, aliyemtafutia kazi hii, alikuja kumsihi akaombe radhi. Mkono usioweza kuukata, ubusu, alimwambia.

"Nimeubusu muda mrefu, wifi," mama akamjibu. "Bado unanipapasa."

Wiki hii meza yake ya pasi amepewa msichana mgeni, ajira yake ya kwanza. Juzi msichana huyo alikuja karaini akilia. Msimamizi alimwambia sketi yake ingependeza zaidi ikipunguzwa. Mama Pasi alifuta mikono, akamkalisha juu ya furushi la shuka safi, akamfundisha maneno yale yale aliyoyasema yeye. Hakumficha yaliyofuata.

Kesho wataingia pamoja kwa meneja kumshtaki msimamizi. Meneja na msimamizi ni marafiki, wanakula meza moja, na mama hana akiba wala kazi nyingine mkononi.

"Huenda tukatoka pale hatuna kazi wote wawili," anasema, akiinua shuka nyingine. "Lakini nitakwenda. Sitaki mtoto wa watu aanze maisha akidhani hivi ndivyo kazi ilivyo."