Mwoga wa Kwenye Gunia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikishika kitabu. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Mgwashi, miaka ile ya Ujamaa, nikiwafundisha watu wazima kusoma. Alasiri, wakitoka shambani, walijibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigonga mbao, nami nikawasomea riwaya ya vita. Haikuwa ya mashujaa, la. Mwandishi aliicheka vita yenyewe: alikuwamo jenerali aliyesugua nishani zake huku kambi ikiungua, na askari mwoga aliyejificha kwenye gunia la unga kila tarumbeta ilipolia.

Ukiwauliza wanampenda nani, wote walijibu, "Yule wa gunia!" Mama Nyange alimpenda hadi akaiga chafya zake za unga.

Tulipofika pale anapotoka guniani mweupe pe, maadui wakatimua mbio wakidhani ni mzimu, darasa zima lilivunjika mbavu. Mzee Hoza peke yake hakucheka. Alichukua kofia yake, akatoka. Kipindi kilichofuata hakuja. Mzee huyu Waingereza walimpeleka kupigana Bama, huko Asia, katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwenyekiti wa kijiji akanionya, "Mwalimu, kitabu hicho kimemtukana mzee wetu. Kiache."

Ningeweza kukiacha. Lakini nilitaka kujua, na kuuliza si ujinga, mradi uulize kwa adabu. Nikamfuata shambani, nikamkuta akipalilia maharage.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu."

"Kitabu kimekukera?"

Akaegemea jembe. "Huyo mwoga mnayemcheka, mimi namjua. Kule Bama nilikuwa na rafiki, Salimu, kijana wa Mnazi huko bondeni. Mabomu yakianza, alijitosa nyuma ya masanduku ya biskuti. Yakinyamaza, alitoka akituigiza sote tulivyotetemeka. Tulicheka, ndiyo maana hatukupata wazimu. Siku moja hakutoka."

Akakung'uta udongo kwenye jembe. Kisha akauliza polepole, "Mwalimu, huyu wa kitabuni anafika kwao?"

Mwisho nilikwisha kuusoma, ila sikumwambia. "Njoo usikie mwenyewe, babu."

Alikuja, tena na mkewe. Nikasoma kurasa za mwisho: mwoga anafika kwao, mama yake hamtambui, anamtuma kuni kwanza ndipo ampe uji. Watu wakaangua kicheko. Mzee Hoza alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka, kisha akasimama akawasimulia habari za Salimu.

Mkewe akamshika mkono. "Miaka yote hii, baba, hukuwahi kumtaja."

"Ningeanzia wapi?" akajibu.

Basi mwanangu, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukisoma kitabu cha mzaha, cheka. Mzaha umeandikwa uchekwe. Ila ukimwona mwenzako hacheki, usikimbilie kusema amekasirika, wala usikifunge kitabu kwa niaba yake. Mfuate, mwamkie, muulize ni nani anayempenda mle ndani, na kwa nini. Kisha nyamaza umsikilize, hata kama maharage yanangoja.

Mungu akupe masikio mapana na moyo wa kuuliza, na akujalie watu wa kucheka nao hadi meno yakuishe.