Viti vya Mama Mkaa

Hakuna mtoto aliyesomeshwa na kanisa lile ambaye hakupita mikononi mwa Bibi Pindo. Kabla ya kuvaa sare ya shule, ilimbidi kwanza asimame juu ya kigoda mbele ya cherehani, mikono ameitandaza, naye bibi amzungushie futi yake ya kupimia iliyofutika namba, pini zimebanwa midomoni. Na kwa kuwa watoto hao walipewa sare moja na kuambiwa iwatoshe mpaka Mungu apende, aliwaachia pindo pana, pana kupita kiasi, ili mtoto akirefuka mama yake alifumue kidogo, akirefuka tena alifumue tena. Sketi alizoshona ungezijua kwa mbali kwa alama za mikunjo ya zamani. Ndipo watu wakamwita Bibi Pindo, na jina lake la ubatizo likasahaulika.

Alikuwa na usafi wa kuudhi. Ukiingia kwake na uzi unaning'inia kwenye shati lako, ataukata kabla hajaitikia salamu yako. Chumba chake kilikuwa kimoja, ukuta umepasuka kona moja, lakini ufa ule aliufunika kwa kitambaa alichokitarizi maua, hata mgeni akadhani ni pambo. Mapazia yake yalitokana na vipande vilivyobaki kwenye sare, ameviunganisha kwa ustadi hadi huoni mshono. Alikuwa maskini hasa, hana mbele wala nyuma, ila umaskini wake ulikuwa umepigwa pasi.

Binti yake wa pekee alikatishwa masomo kwa kukosa karo, akaenda kufua nguo za watu, maji ya baridi asubuhi na jioni, mpaka kifua kikamshinda. Aliacha mtoto wa kike ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Mtoto huyo alikulia chini ya meza ya cherehani, akiokota vifungo na kuvitia mdomoni, na bibi akivitoa kwa kidole huku akigomba. Akaitwa Kifungo. Siku ile walipotoka kumzika mama yake, Bibi Pindo alijiapia kwamba mikono ya mtoto huyu haitafua nguo za mtu mwingine maadamu yeye yu hai. Hakumwambia mtu, lakini kila alichofanya baada ya hapo alikifanya kwa ajili ya neno hilo.

Basi Kifungo akasoma, akafaulu, akachaguliwa kwenda sekondari. Furaha ya bibi ilidumu hadi alipoambiwa karo. Kwa cherehani ile hata angeshona bila kulala asingeifikia. Njia ilibaki moja tu, ufadhili wa kanisa, na kanisa lilikuwa na utaratibu wake. Kila mtaa ulipewa nafasi moja. Kamati ilitembelea nyumba za walioomba, ikaketi, ikatazama, ikaenda zake, kisha jina likatangazwa kanisani siku ya ibada.

Katika mtaa wao walioomba walikuwa wawili. Wa pili alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya ua, muuza mkaa, mwanamke mpana wa mwili na wa moyo, ambaye watu walimwita Mama Mkaa. Mumewe alikuwa amemtoroka kitambo, akabeba kila kitu ila viti vinne vya mbao ya kung'aa vyenye mito myekundu, kwa sababu havikuenea kwenye gari. Mama Mkaa alivipenda viti vile kuliko alivyompenda mwenyewe aliyeviacha. Binti yake aliitwa Cheko, kwa kuwa hata akipigwa alicheka. Cheko na Kifungo walizaliwa msimu mmoja, wakalingana kimo na kiuno, wakavaliana magauni tangu utotoni hata mama na bibi wakasahau lipi la nani.

Sasa mtu mwenye akili za mjini angefanyaje akisikia kamati ya kusaidia maskini inakuja kwake? Angetoa pazia. Angemwaga jivu mlangoni. Angemvisha mtoto lile gauni lenye kiraka, amkalishe sakafuni. Bibi Pindo hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Yeye alisikia neno moja tu, wageni. Mchungaji anakuja kwake, na mzee wa kanisa, na yule mama katibu wa ufadhili, nao watakaa wapi?

"Chukua viti vyangu," Mama Mkaa alimwambia. "Kwani wageni wakalie ndoo, Bibi?"

"Na wewe je? Si wanakuja kwako vilevile?"

"Wanaanzia kwako. Wewe wacheleweshe na sala mlangoni, wasichana watavirudisha kwa kupitia nyuma. Mchungaji wetu unamjua, akianza kuomba mkaa wote unaisha jikoni."

Walicheka. Wasichana wakavuka ua, kila mmoja na kiti kichwani, wakaenda wakarudi, Cheko akijitia mfalme anayehama ikulu. Bibi akaazima na vikombe. Akatia mkaa wa jirani kwenye pasi, akanyoosha kitambaa cha meza, mapazia, na gauni jipya alilomshonea Kifungo, lenye kola nyeupe na vifungo vya lulu bandia alivyovitunza miaka. Kifungo alipolivaa, bibi alirudi nyuma hatua kidogo akamtazama. Alipendeza. Jamani, mtoto alipendeza.

Kamati ikaja, ikaketi kwenye mito myekundu, ikanywa chai. Mchungaji alisifu usafi. Mzee wa kanisa alikisifu kitambaa cha ukutani, naye Bibi Pindo akaona fahari kama bibi harusi. Mama katibu hakusifu kitu. Aliangalia viti, akaangalia gauni, akaandika.

Ikafika sala ya mwisho mlangoni, na siku hiyo, sijui njaa au jua, mchungaji akaomba maneno machache tu na kusema amina. Kabla wasichana hawajagusa kiti, wageni walikuwa wameshavuka ua. Wakamkuta Mama Mkaa katikati ya chumba kitupu, amesimama na mikono yake myeusi, hana pa kuwakaribisha. Mchungaji alikalia gunia. Mama katibu, aliyekuwa amevaa nyeupe, naye alikalia gunia, na aliposimama kila mtu aliona lilipomwachia alama. Walitoka wakiwa wameinamisha vichwa kwa huruma.

Jioni hiyo mtaa mzima ulicheka gauni la mama katibu. Bibi Pindo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na alipokumbuka kicheko kile baadaye alitamani kukitapika.

Siku ya ibada jina lilitangazwa, na likawa la Cheko.

Kamati haikuwa na roho mbaya. Ingekuwa nayo ingekuwa afadhali, mtu angeilaani akatulia. Bibi Pindo alikaa kwenye benchi, akasikia wanawake wakipiga vigelegele, akapiga na yeye, kwa kuwa mtoto wa jirani ni mtoto wako. Sauti ilitoka. Wenzake walisimama, yeye akabaki ameketi.

Kesho yake alipiga moyo konde akaenda ofisi ya ufadhili, chumba kidogo nyuma ya madhabahu kinachonuka karatasi na nta. Mama katibu alimpokea vizuri. Alimpa kiti.

"Shikamoo, Bibi. Najua kilichokuleta."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu vile viti."

"Viti gani?"

"Vile mlivyokalia kwangu. Si vyangu. Na vikombe si vyangu. Gauni nilishona kwa vipande."

Mama katibu alivua miwani. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Bibi, kila tunayemwacha anakuja hapa kuniambia viti si vyake. Na wewe, angalau una kazi, tena kanisa lenyewe ndilo linalokupa. Yule mwenzako hana hata pa kukalia."

"Si vyangu, nakuapia."

"Basi ni vya nani?"

Bibi Pindo alifungua mdomo.

"Niambie," mama katibu alisema, akavuta kiti chake karibu. "Shule hazijafunguliwa. Kama kuna mtu ameficha vitu vyake ili tumwonee huruma, tutamwondoa, na wewe tutakutazama upya. Nakuahidi. Ni vya nani?"

Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lilikuwa kweli, wala si uwongo, na kweli si dhambi. Angelisema tu, Kifungo angekwenda sekondari. Lakini alimwona Cheko anavuka ua na kiti kichwani, amenyoosha shingo, anajitia mfalme, anacheka. Akamsikia mama yake anasema chukua. Mtu amekupa kiti chake kikaliwe na wageni wako, unamrudishiaje kwa kumtia shimoni?

"Vya watu tu," alisema.

Mama katibu alivaa miwani. "Haya, Bibi. Mwaka ujao Mungu akipenda."

Lakini nafasi ya sekondari haingoji mwaka, hilo wote wawili walilijua.

Sitaki mtu adhani alitoka mle ofisini ametulia moyo. Alitoka anajuta kabla hajafika kwenye ngazi. Njia nzima alijitukana, akajiita mpumbavu, akajiambia kwamba amemfanya mjukuu wake alipe heshima ambayo ni ya bibi. Alisimama akageuka kurudi. Akageuka tena akaenda nyumbani.

Mama Mkaa alikuwa anamsubiri mlangoni, ameinama, hana utani. Naye alikuwa ameshayajumlisha mambo.

"Bibi, nitakwenda mwenyewe. Nitawaambia viti ni vyangu."

"Ukishawaambia?"

"Wamchukue Kifungo."

"Na Cheko afanye nini? Auze mkaa?"

 Machozi yalimtoka Mama Mkaa yakachora njia kwenye vumbi jeusi la mashavu.

"Nenda kapike," Bibi Pindo alimwambia. "Wewe uliniazima kwa wema. Usiniharibie."

Kifungo naye, bibi alimwambia wakati anamsuka nywele, kwa kuwa msukaji na msukwaji hawatazamani usoni. Alimwambia kwa kifupi, kwamba kanisa limempa mwenzake, na kwamba mwaka huu atakaa nyumbani ajifunze cherehani. Kichwa cha Kifungo kilifuata mkono wa bibi huku na huku.

"Bibi, ni kwa sababu ya gauni?"

"Gauni gani?"

"Lile jipya. Ningevaa lile lenye kiraka, wangenichukua?"

Mkono wa bibi ulisimama kwenye nywele. Kosa lilikuwa lake, la kupiga pasi na kutandika vitambaa, la kutaka mjukuu wake aonekane mtoto wa watu mbele ya watu.  Alisema, "Tulia, msuko unaharibika," ingawa ulikuwa umenyooka.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, kitambaa cha sare kililetwa kama kawaida. Watoto wa mitaa mingine walikuja wakasimama kwenye kigoda, wakapimwa, wakaondoka wakirukaruka. Cheko hakuja. Mama yake aliona haya kumleta, akawa anapita nyuma ya nyumba ili wasikutane. Siku zilikuwa zinakwisha, na sketi ya Cheko ilikuwa imekatwa tu, haijapata mtu wa kuijaribu.

"Kifungo," bibi aliita. "Panda kwenye kigoda."

Hakukuwa na njia nyingine, na wote wawili walijua kwa nini. Hakuna mwili mwingine duniani uliolingana na wa Cheko. Kifungo alivaa sketi ya buluu, akavaa na blauzi nyeupe bila kuambiwa, akafunga vifungo hadi shingoni. Alipanda akasimama wima, mikono ubavuni, uso kwenye dirisha, kama wanavyosimama wanafunzi wakipangwa mstari. Bibi alipiga magoti chini, akatia pini midomoni, akaanza kukunja pindo.

"Liwe pana, Bibi," Kifungo alisema huko juu. "Cheko atarefuka."

Bibi Pindo aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa pini zilimzuia kusema, na alishukuru kwamba zilimzuia. Alizunguka kigoda kwa magoti, pini baada ya pini, hadi akarudi pale alipoanzia. Pindo lilikuwa limekaa sawa, halina kosa. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Umemaliza, Bibi? Nivue?"

Bibi alitazama miguu ya mjukuu wake iliyo pekupeku, na sketi ya shule juu yake.

"Bado," alisema. "Simama hivyohivyo." Akachomoa pini moja, akaichoma tena palepale.